Sahihi na Kamili: Historia ya Neno Moja na Ardhi ya Ngarenanyuki



Kwa miaka niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na baadaye katika chuo cha ualimu, nilizoea kuulizwa swali moja na wanafunzi waliokuwa wakifasiri kutoka Kiingereza: neno 'exact' tuliandikeje kwa Kiswahili? Darasa liligawanyika papo hapo. Mmoja alisema 'sahihi', mwingine 'kamili', wa tatu 'hasa', na aliyetoka Tanga alishikilia kuwa ni 'barabara'. Kila mmoja alikuwa na mfano wa kumuunga mkono. Tunasema 'jibu sahihi', 'saa sita kamili', 'huyu hasa ndiye niliyemtaka' na 'funga mlango barabara'. Mwingereza anaweza kupita katika sentensi hizo zote kwa neno lile lile au kwa ndugu zake wa karibu, lakini sisi hatuwezi kuyabadilisha maneno hayo nafasi zake. Hakuna asemaye 'saa sita sahihi' akitaka kutaja wakati, wala 'funga mlango kamili'.

Makala haya yanafuata historia ya neno la kwanza kati ya hayo, yaani 'sahihi', na kulipambanua na jirani yake, 'kamili'. Nitaanzia mbali kidogo, katika lugha yalikotoka maneno hayo, kisha nitarudi huku ninakoishi, chini ya Mlima Meru, upande wa Momela. Jirani zetu wa Ngarenanyuki walifikwa na jambo mwaka 1951 ambalo, kwa maoni yangu, ndilo somo kubwa kuliko yote kuhusu tofauti ya maneno haya mawili katika historia ya nchi yetu.

Tukitazame kwanza Kiingereza chenyewe, kwa kuwa ndicho kilicholeta swali. Neno 'exact' limetokana na kitenzi cha Kilatini 'exigere', chenye maana ya kusukuma nje, kudai, na pia kupima. Kiingereza kilikipokea kwanza kitenzi, katika karne ya 15, kwa maana ya kutoza au kudai kwa lazima, kama mtoza kodi adaivyo. Kivumishi chenye maana ya kitu kisichopungua wala kuzidi kilifuata katika karne ya 16. Maana zote mbili zingali hai: neno lile lile lisifulo kipimo ndilo litumikalo mtu anapotozwa fedha bila hiari yake. Ndugu yake 'precise' ana asili ya kukata, kama mtu akataye ncha ya kitu iliyozidi. Ndugu wa tatu, 'accurate', anatokana na neno la Kilatini lenye maana ya uangalizi na utunzaji, yaani jambo lililofanywa kwa kujali. Kudai, kukata na kutunza: hiyo ndiyo mizizi mitatu ya usahihi wa Kiingereza.

Kiarabu nacho kina jambo la kufanana na hilo. Mwarabu akitaka kusema 'hasa, bila kupungua wala kuzidi', hutumia neno litokanalo na mzizi wa 'dhabt'. Mzizi huo ndio uliotupatia sisi kitenzi 'dhibiti' na nomino 'udhibiti'. Kwa Mwarabu, dhabt ni kukamata kitu kwa nguvu hata kisiponyoke, na pia ni kukishika kwa ukamilifu katika kumbukumbu au kipimo. Kiswahili kilichukua upande wa nguvu, kikaacha upande wa kipimo. Yafaa tulikumbuke jambo hili mbele ya safari, kwani katika lugha mbili zisizo na nasaba, kupima na kutawala vimelala katika kitanda kimoja.

Sasa tulifikie 'sahihi'. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya uzima wa mwili. Kutoka mzizi huo huo tumepata neno 'siha', tunalolitumia tunapomtakia mtu afya njema. Kwa hiyo sahihi, kwa maana yake ya awali, ni mzima, asiye na ugonjwa. Wanasarufi wa Kiarabu waliligawa kundi kubwa la vitenzi vyao kwa kufuata maana hiyo: vitenzi ambavyo herufi zake za mzizi ni imara huitwa sahihi, na vile vyenye herufi dhaifu, ambazo hugeuka na kudondoka katika mnyambuliko, huitwa kwa jina litokanalo na 'illa', yaani ugonjwa. Neno hilo 'illa' nasi tunalo. Tunaposema 'binadamu hakosi ila', tunatumia neno la Kiarabu la maradhi, ingawa wengi wetu hulisikia kama kasoro tu.

Wataalamu wa Hadithi waliyatumia maneno haya mawili kwa umakini mkubwa zaidi. Hadithi sahihi, kama zilizokusanywa na Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 875, ilipaswa kutimiza masharti kadhaa. Mlolongo wa wasimulizi uungane bila kukatika. Kila msimulizi awe mwadilifu. Kila mmoja awe na dhabt, yaani kumbukumbu iliyoshika barabara. Simulizi lenyewe lisipingane na lililo imara zaidi. Na lisiwe na ila iliyojificha. Hapo tunaona kwamba ukamilifu wa kumbukumbu ni sharti moja tu miongoni mwa matano. Msimulizi angeweza kukariri maneno bila kukosea hata irabu moja, na bado simulizi lake lisiitwe sahihi, kwa sababu yeye si mwadilifu au kwa sababu ndani yake mna ila. Usahihi ulikuwa afya ya jambo zima: chanzo chake, mbebaji wake na yaliyomo.

Neno lilipoingia Kiswahili lilipata kazi ya pili. Sahihi ikawa pia alama ya mkono wa mtu chini ya hati. Tunasema 'tia sahihi hapa', na mzee wa pwani angali analipendelea neno hilo kuliko 'saini', ambalo limetokana na Kiingereza na ndilo lililozoeleka zaidi maofisini siku hizi. Maana hii ya pili haikuanguka kutoka hewani. Mtu aliyeweka mkono wake chini ya maandishi alikuwa akitamka kwamba yaliyoandikwa hapo juu ni mazima, hayana ila, naye yuko tayari kuulizwa juu yake. Alama na tamko vilikuwa kitu kimoja. 'Saini' haibebi mzigo huo. Inaeleza kwamba kalamu imepita.

Kazi ya tatu tunaijua sote tuliopita darasani: 'kusahihisha'. Mwalimu husahihisha madaftari. Ukifuata muundo wa neno, kusahihisha ni kukifanya kitu kiwe kizima, kama mganga afanyavyo. Katika matumizi ya kila siku kitenzi hiki kimefifia, kikawa ni kuweka alama ya vema au ya kosa na kuandika maksi. Niliwaambia walimu tarajali kwamba kuhesabu makosa ni nusu ya kitenzi, na nusu ya pili ni kumwacha mwanafunzi akiwa na afya zaidi kuliko alivyokuja.

Majirani wa neno hili nao wana asili zao. 'Kamili' ni neno la kujaa: chombo kilichofika ukingoni, hesabu isiyo na pengo. 'Hasa' ni neno la kutenga kimoja na vingine, na lina undugu na 'mahususi'. 'Halisi' ni neno la usafi, kitu kisichochanganywa. 'Barabara' limetoka Kiajemi, likiwa na maana ya usawa wa vitu viwili vinavyokabiliana, na hadi leo Wahindi wengi hulitumia neno hilo kusema 'sawa kabisa'. Sisi tunalo kwa namna mbili, na tofauti iko katika mkazo: ukikaza silabi ya tatu, unataja njia ya magari, ukikaza silabi ya pili, unasema jambo limefanywa ipasavyo. Maandishi yetu hayaonyeshi mkazo, na msomaji wa shairi huachiwa kazi ya kuamua mwenyewe.

Kwa hiyo 'kamili' huuliza: je, kimejaa, kimefika idadi? 'Sahihi' huuliza: je, ni kizima, hakina ila, na yuko mtu wa kukisimamia? Maswali haya mawili yanaweza kupata majibu tofauti juu ya jambo lile lile. Hapo ndipo ninapotaka kurudi Meru.

Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima huu kama pete, yakawabana Wameru na Waarusha kati ya msitu wa juu na mashamba ya chini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson kuongoza tume ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, naye akatoa ripoti mwaka 1947. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro, upande wa Sanya, liwe ukanda mmoja usiokatika wa mashamba ya Wazungu. Ili ukanda usikatike, Wameru waliokuwa Ngarenanyuki ilibidi waondoke. Mashamba yao katika hati za serikali yalijulikana kwa nambari, 31 na 328, na wenyewe walitengewa ardhi nyingine huko Kingori.

Tazama jinsi mpango huo ulivyokuwa kamili. Ulikuwa na tume, ripoti, ramani, nambari za mashamba, mahali pa kuwapeleka watu na fedha za fidia. Mpimaji angeweza kwenda na mnyororo wake akakuta mipaka iko pale pale ilipochorwa. Kilichokosekana ni ridhaa ya waliokuwa wakiishi humo. Wameru walikataa kuondoka na wakaikataa fidia. Katika lugha yetu, waliinyima hati ile sahihi, kwa maana zote mbili za neno.

Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 watu walianza kuondolewa kwa nguvu. Idadi yao hutajwa kuwa takriban 3,000. Nyumba zilichomwa, na mifugo ikaswagwa kutoka katika malisho yake. Kingori, walikopelekwa, walipalalamikia kwa ukosefu wa maji, joto na maradhi.

Wameru walichagua kupigana kwa maneno. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, waliandika malalamiko yao na kuyapeleka kwenye Baraza la Udhamini. Wakachanga fedha, wakampeleka mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952. Pamoja naye alikuwa wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi ya uwakili Moshi. Kirilo alizungumza kwa Kiswahili, na Seaton akamfasiria. Ndugu zangu wa lugha, tulipe tukio hili uzito wake: miaka 9 kabla ya uhuru wetu, Kiswahili cha mkulima wa Meru kilisimama mbele ya wajumbe wa mataifa kudai ardhi, na kila neno lake lilibidi lipitie katika kinywa cha mtu mwingine kabla ya kuwafikia.

Hebu tufikirie kazi ya mfasiri huyo kwa upande wa sarufi. Kiingereza husema watu 'moved' kutoka mahali fulani, na neno hilo peke yake halikuambii kama walijiondokea au waliondolewa. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo ya kujificha. Ni lazima uchague kiambishi. Ukisema 'walihama', wameondoka wenyewe. Ukisema 'walihamishwa', umeshakiri kwamba yuko aliyewahamisha, hata kama hukumtaja. 'Walihamia Kingori' ni habari ya watu waliotafuta makazi mapya. 'Walihamishiwa Kingori' ni habari ya watu waliopelekwa. Silabi moja au mbili zimebeba kesi nzima. Anayesema kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na ukali wa kipimo hajautazama mnyambuliko wa vitenzi vyake.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kwa lugha ya maendeleo. Ilieleza kwamba mpango ule ulikuwa kwa faida ya uchumi wa eneo zima, na ikaonyesha ardhi mbadala na fidia iliyowekwa. Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko juu ya namna watu walivyoondolewa, lakini halikuamuru warudishwe. Shauri likaenda kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipata wingi wa kura. Lakini lilipofika katika Baraza Kuu lenyewe mwezi Desemba 1952, halikupata theluthi mbili zilizohitajika. Hesabu ya kura ilikuwa kamili, na Wameru hawakurudi kwao kwa njia hiyo.

Kirilo aliporejea alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akieleza yaliyowapata watu wake na yaliyosemwa New York. Masimulizi hayo yaliwaandaa wengi kuipokea TANU ilipoundwa mwaka 1954. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha Nairobi kitabu chao kwa Kiingereza juu ya kesi hiyo. Naona ni jambo la kufaa kwamba shahidi mwenyewe aliweka mkono wake juu ya habari yake. Hiyo ndiyo sahihi ya mtindo wa kale: jina la mtu aliye tayari kuulizwa.

Sasa nigeukie upande wetu sisi watunzi, kwa sababu ushairi wa Kiswahili ni sanaa ya kipimo kuliko sanaa nyingine yoyote tuliyo nayo. Tunahesabu mizani, na neno hilo tumeliazima kwa muuza duka. Tunapanga vina. Mshairi anayeanza hufundishwa kwamba mshororo wenye mizani 16, nane kwa nane, ukipungua mmoja umevunjika. Ni vizuri. Lakini hebu tuupime mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Watu wa Ngarenanyuki, walihama kwa hiari.

Hesabu kwa vidole: nane katika ukwapi, nane katika utao. Mizani ni kamili. Habari ni ya uongo. Malenga ambaye vina vyake vya mwisho ni 'ri' angeweza kuvutwa na neno 'hiari' kwa kuwa liko karibu na mkono, kisha akajitetea kwamba kina kilimlazimisha. Utetezi huo hausimami. Tazama:

Watu wa Ngarenanyuki, walihamishwa kwa shari.

Nane kwa nane, kina kile kile, na sasa ni sahihi. Kilichobadilika ni mnyambuliko wa kitenzi na nomino moja. Lugha ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa ukweli. Aliyeshindwa ni mtunzi aliyesimama kwenye neno la kwanza lililotimiza hesabu. Nimesoma mashairi mengi ya historia, hasa ya sherehe za kitaifa, ambamo mwaka umekosewa kwa sababu mwaka wa kweli ulizidi mizani, au jina la mahali limekatwa mkia ili lienee. Msomaji wa leo hupita akifurahia mdundo. Msomaji wa miaka 100 ijayo, ambaye huenda hatakuwa na chanzo kingine, atalichukua shairi kuwa ushahidi. Tenzi za kale tunazifanyia hivyo hivyo: tunazisoma kutafuta vita, nasaba na tarehe.

Majina ya mahali yanastahili neno moja zaidi. Momela yetu, katika ramani nyingi na vitabu vya watalii, huandikwa kwa 'l' mbili, na filamu ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962 na kupigwa kwa sehemu huku kwetu, iliwafanya wageni wengi walijue jina kwa tahajia hiyo. Kiswahili hakirudufishi konsonanti namna hiyo, na hakuna mkazi wa hapa anayetamka 'l' mbili. Ngarenanyuki nayo utaikuta ikiandikwa neno moja, maneno mawili, au ikianzia na 'E' kama katika hati za Umoja wa Mataifa. Asili yake ni lugha ya Kimasai, na maana yake ni maji mekundu. Anayelijua hilo hataona tabu kukubali tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa anajua mwili uliomo ndani ya nguo hizo. Jina la Kirilo lenyewe vitabu vingine huliandika Japhet Kirilo na vingine Kirilo Japhet. Mtafiti anayefuata herufi tu atadhani ni watu wawili.

Na mlima wenyewe? Vitabu vingi husema kilele cha Meru kina urefu wa mita 4,566, na vingine husema 4,562. Kilimanjaro tulikariri shuleni kuwa ni mita 5,895, kisha kipimo cha satelaiti cha mwaka 1999 kikatoa 5,892. Tarakimu nne zinazoishia kwenye mita moja hutupa imani kubwa, kana kwamba mtu aliuweka mlima kwenye mizani. Wanasayansi hutofautisha kipimo chenye tarakimu nyingi na kipimo kilicho karibu na ukweli, kwani saa iliyosimama nayo huonyesha dakika bila kusita. Kiswahili hutumia 'usahihi' kwa yote mawili, na ndiyo maana nawashauri waandishi wetu wa sayansi waliache neno 'kamili' lifanye kazi ya tarakimu, na 'sahihi' lifanye kazi ya ukweli. Tutakuwa tumepata istilahi mbili bila kuazima hata moja.

Mtu akidhani kwamba tofauti hii ni ya walimu wastaafu tu, na aje Ngarenanyuki wakati wa mavuno. Leo ni kata ya Halmashauri ya Meru, na watu wake wanajulikana kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa nyanya na vitunguu. Wakulima wa vitunguu nchini wanalijua neno 'lumbesa'. Ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kichwa juu yake na kushonwa kwa kamba za wavu, hata likazidi sana kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeweka kuwa kikomo. Mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja na hulilipia kama gunia moja. Hesabu yake ni kamili: gunia ni moja, halikupungua. Kitu kilichougua ni kipimo chenyewe, na mkulima anayekosa mizani shambani mwake hana la kujibu isipokuwa kuinama na kushona.

Ndiyo maana nilitaka tukumbuke kwamba kupima na kutawala vimelala katika kitanda kimoja. Yule mwenye mnyororo wa kupimia ardhi, mwenye gunia, au mwenye kalamu ya kuandika ripoti anaweza kuitimiza hesabu yake bila kukosea hata nambari moja. Kiswahili kimetuachia neno la kumwuliza zaidi ya hapo. Neno hilo huuliza kuhusu ila iliyojificha, kuhusu uadilifu wa aliyeleta habari, na kuhusu mkono wa nani uliowekwa chini yake.

Malenga wenzangu, wapo baadhi yenu wenye wazee waliokuwa watoto Ngarenanyuki mwaka ule, au waliosikia kwa wazazi wao habari za safari ya Kingori. Naomba muwaendee wangali na siha. Andikeni wanayosema kwa maneno yao wenyewe, jinsi wanavyoyataja majina ya mito na ya watu, na viambishi vyao vya vitenzi msiviguse. Mkimaliza, msomeeni mzee yale mliyoandika, mumwulize kama ni sahihi. Akikubali, mwombeni aweke mkono wake hapo chini, hata kama ni kwa dole gumba. Utungaji wa beti unaweza kungoja hadi hapo.